Mrashi wa Fedha

Alichokiona Mwamvua kwanza ni vidole vya Mama Rozalia. Vilikuwa vyeusi nchani, kama vya mtu aliyetoka kukwangua masizi, na hali mama mwenyewe amekaa kizingitini kwake hana sufuria wala chungu mbele yake. Alikuwa na kijiko kimoja tu, kidogo, cha chai, na kitambaa, na majivu ndani ya kigae.

Mwamvua alikuwa amekwenda kuomba kaa la moto. Mama Rozalia ni jirani wa ukuta kwa ukuta pale Ujiji, Mkongo wa ng'ambo ya ziwa, ambaye mumewe aliwapikia Wabelgiji bandarini Kigoma mpaka walipofunga mizigo yao wakaondoka. Ni mtu wa maneno mengi, na Mwamvua, ambaye maneno yake mwenyewe yalikuwa machache na ya chini chini, alipenda kukaa kwake kwa sababu hapo hakutakiwa kujibu kitu. Lakini siku hiyo vile vidole vilimshangaza mpaka akauliza.

"Mama, kijiko gani hicho kinachochafua mikono hivyo?"

"Cha fedha hiki, bi harusi. Yule Madamu wa Kibelgiji alimpa binti yangu Rozalia siku ya ubatizo."

Mwamvua akakitazama kijiko, akatazama na kigae, asione hela popote. "Kwa hiyo ni cha kuuza?"

Mama Rozalia alicheka mpaka akakiweka kijiko chini. "Cha kuuza nani kakwambia? Fedha, mwanangu. Fedha yenyewe, ile wanayofulia pete na bangili. Ikikaa haisuguliwi inakuwa nyeusi kama bati bovu. Ukiisugua, tazama."

Akapitisha kitambaa mara mbili tatu. Chini ya ule weusi kukatoka weupe ambao Mwamvua hakuwahi kuuona kwenye bati wala kwenye sufuria, weupe laini, kama wa tumbo la samaki anapojipindua majini. Akasimama, mkononi kigae alichojia kuchukulia moto. Kisha akakiacha kigae hicho jikoni kwa Mama Rozalia, moto haukuchukuliwa, akatoka bila kuaga. Mama Rozalia akabaki anajiuliza amemkosea nini mtoto wa watu.

Hakumkosea kitu. Mwamvua alikuwa amekumbuka mrashi.

Ni hivi. Mwamvua ni Muha wa Manyovu, kule juu milimani kwenye kahawa na ukungu. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua. Kiswahili alikijua cha darasani na cha sokoni, cha kuulizia bei na kujibu salamu. Mwaka ule, baada ya mavuno, aliolewa na Amuri, kijana wa Ujiji anayefanya kazi melini, akaletwa kwenye nyumba ya mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Na Kiswahili cha Bi Sikudhani kilikuwa kingine kabisa. Kilikwenda mbio, kimejaa mafumbo na maneno ya watu wa pwani waliowazaa babu za babu zake, na kilikatwa katikati na kicheko. Mwamvua alikuwa akisikia nusu, nusu nyingine akiijaza mwenyewe. Akiambiwa jambo alijibu, "Ndiyo, mama," kisha akaenda nyuma ya nyumba kukaa na kufikiri ameambiwa nini. Mara nyingi alipatia. Wifi zake walishasema kwamba Amuri ametuolea bubu kutoka porini, na Bi Sikudhani akawaambia heri bubu kuliko wao. Mwamvua alilisikia hilo, na hilo alilielewa lote.

Siku Bi Sikudhani anaondoka kwenda Tabora, kumwuguza binti yake aliyejifungua, nyumba ilikuwa shaghalabaghala. Gari la kumpeleka stesheni linapiga honi nje, mwenyewe anatafuta kiatu. Kwenye kichanja cha vyombo uani kulikuwa na masufuria yaliyotoboka, birika lisilo na mkono, na pembeni yake mrashi wa kunyunyizia marashi, ambao Bi Sikudhani aliutoa sandukuni jana yake akitaka kuusugua na asipate nafasi. Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akasema kwa haraka yake ile ile:

"Hayo masufuria mabovu na birika mpe Feliksi akipita, akupe sabuni. Ila huo mrashi ni wa fedha. Umenisikia mwanangu? Wa fedha huo."

"Ndiyo, mama."

Na kweli alisikia. Kwa Mwamvua fedha ni hela. Ndizo walizofundishwa darasani, hesabu za fedha, na ndizo za Waziri wa Fedha kwenye redio. Kwao Manyovu mtu huvaa kikuku cha shaba, na hela ni amahera basi. Kwa hiyo alielewa kwamba masufuria ni ya kubadilishana na sabuni, lakini mrashi ni wa kuuza kwa pesa taslimu, asije akadanganywa kwa kipande cha sabuni.

Feliksi alipopita na tenga lake, akiita vikuukuu, vikuukuu, Mwamvua alitoka. Alimpa masufuria na birika akapokea sabuni. Mrashi ukawa ndio vita. Feliksi akautazama ulivyo mweusi, na shingo yake ndefu, na kichwa chake chenye matundu madogo, akasema bati hilo la zamani, atampa bakuli la plastiki. Mwamvua akatikisa kichwa. Feliksi akaongeza kikombe. Akatikisa tena. Mwishowe, kwa sauti iliyomtoka kwa shida, akasema, "Huo ni wa fedha." Feliksi naye, Muha mwenzake wa Kasulu, akaelewa vile vile alivyoelewa yeye. Akanung'unika, akatoa shilingi mbili, akaenda zake. Mwamvua alizifunga zile shilingi kwenye pindo la kanga. Alikuwa na fahari. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alikuwa ameshindana na mtu akashinda, na alikuwa akingoja mama mkwe arudi amwoneshe.

Na Bi Sikudhani anarudi leo. Gari moshi linaingia Kigoma mchana.

Mwamvua aliufahamu ule mrashi ni kitu gani katika nyumba ile. Hakuna mtoto wa ukoo aliyepewa jina, hakuna bibi harusi aliyeingia ndani, asinyunyiziwe kutoka katika mrashi huo. Yeye mwenyewe alinyunyiziwa. Aliyakumbuka matone ya maji ya waridi kwenye nyusi zake, na mkono wa Bi Sikudhani ukimfuta. Kumbe mkono ule ule ndio alioupora. Watasema nini wifi? Hawatasema alikosea neno. Watasema Muha wa porini ameuza mrashi wa bibi zetu tukiwa tumempa kisogo, na Bi Sikudhani, aliyemtetea, atakosa la kujibu. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Angetukanwa yeye peke yake angevumilia.

Akajifunga kanga ya pili, akatoka.

Alimkuta Feliksi sokoni, amekaa juu ya tenga lililo tupu, anakula muhogo. Mwamvua alimsalimu kwa Kiha, mwakeye, akidhani huenda kitamlainisha. Kilimlainisha ulimi tu.

"Shemeji, si wewe uliyekataa bakuli langu zuri? Ulitaka hela, ukapata hela. Leo unataka bakuli?"

Akamweleza kwamba anautaka mrashi wenyewe. Feliksi akaacha kutafuna. Alipoona macho ya yule binti yamejaa maji aliona haya kidogo, akasema vitu vyote vya tenga lile alikwishampelekea Mzee Zefania, kule Kigoma mjini, mwenye duka la vitu vilivyotumika, si mbali na stesheni. Aende upesi, maana Zefania hakai na kitu. Juzi kuna fundi kutoka Kibirizi alichukua kapu zima la mabati akatengenezee taa za wavuvi wa dagaa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyompeleka mbio. Hakungoja basi. Alipita Buzebazeba jasho linamtiririka, akapanda, akashuka, na kila akikutana na mtu mwenye taa mkononi moyo ulimruka, kana kwamba angeutambua mrashi ndani ya kila kopo lililolehemiwa. Alipofika Kigoma jua lilikuwa juu ya ziwa na watu wa stesheni walishaanza kufagia kungoja gari moshi.

Duka la Mzee Zefania lilikuwa chumba kirefu chenye giza. Tangu Azimio la Arusha lipite na majumba ya kupangisha kuchukuliwa na serikali, wenye mali wengi wa mji ule, Wahindi na Wagiriki, walikuwa wakiuza vitu na kuhama, na vitu vile viliishia humo. Viti vya kamba, meza za miguu ya simba, gramafoni lisilo na sindano. Mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, amevua shati, analipiga pasi ya mkaa, miwani imeshuka puani. Mwamvua akampa shikamoo. Akajibu marahaba bila kuinua macho, akamwambia atazame tu, kutazama bure.

Akatazama. Kwenye rafu ya nyuma kulikuwa na vyombo kama vya bati, vimerundikwa pamoja, vyote vyeusi au vya kijivu. Sinia, uma, vijiko vya supu, kikombe chenye masikio mawili. Akachukua uma, akausugua kwa ncha ya kanga, akatazama kidole. Cheusi. Akautazama uma. Mahali aliposugua palikuwa na ule weupe wa tumbo la samaki. Akachukua na sinia dogo, vile vile. Wale waliohama waliviacha vyeusi hivyo hivyo, labda wapishi wao ndio waliojua kuvisugua, na sasa vimelala na makarai, bei moja, na hakuna mtu katika duka lile anayejua.

Lakini mrashi haukuwapo. Alipekua rafu ya juu, ya chini, chini ya meza, ndani ya beseni la misumari. Haukuwapo. Taa za Kibirizi zikamjia machoni. Akasimama katikati ya duka, hajui atoke au alie kwanza.

Ndipo Mzee Zefania akanyanyua kitu pembeni ya pasi yake, akakitikisa juu ya shati. Chwa, chwa, chwa. Matone madogo yakatawanyika kwenye kola. Akakiweka chini, akaendelea kupiga pasi.

Ulikuwa mrashi.

Mwamvua alisogea mpaka mezani. "Baba, naomba kununua hicho."

"Hicho siuzi, binti. Kila kitu humu kinauzwa, hata mimi ukipata mteja. Hicho ni cha kazi yangu." Akautikisa tena, kwa raha. "Hujaona kitu kinanyunyiza vizuri namna hii. Zamani nilikuwa natema maji kwa mdomo, mke wangu akawa hataki kunifulia. Feliksi kaniletea juzi juzi, sijui ni kimwagilia cha nini, bati bovu, lakini mtu aliyetoboa matundu haya alikuwa fundi."

Mwamvua alijua neno moja ambalo lingemfanya mzee yule auuze mara moja, na kwa bei ambayo yeye asingeifikia mpaka anazeeka. Alijua pia kwamba akisema ni wa mama mkwe wake itabidi aeleze ulifikaje hapo, na Kiswahili cha kueleza jambo refu namna hiyo hakikuwa tayari kinywani. Akageuka, akarudi kwenye rafu. Mzee Zefania akadhani amekata tamaa.

Kumbe alikuwa ameona kopo la poda. Lilikuwa tupu, lina picha ya mwanamke wa Kihindi na ua, na kifuniko chake kina matundu. Akaliomba. Akaenda kwenye ndoo ya mzee iliyokuwa mlangoni, akalijaza maji, akafunga, akarudi, akalitikisa juu ya mkono wa shati lililokuwa mezani. Matone yakatoka, madogo na ya sawasawa, na mvuke ulipopanda pasi ilipopita, dukani kukanukia poda.

Mzee Zefania akavua miwani. Akanusa shati. Akachukua kopo, akalitikisa mwenyewe.

"Haya," akasema. "Nitakwenda kanisani nanukia kama bibi harusi. Wazee wenzangu watanihama kiti."

Mwamvua akacheka, na kicheko hicho kikamfungua mdomo. Akasema mrashi ule ni wa mama mkwe wake, aliuuza yeye bila kuelewa, na mama anashuka leo kwenye gari moshi. Yalitoka hivyo, mafupi, hata hayakuwa magumu.

Mzee akamtazama. "Sasa mbona hukusema tangu ulipoingia? Umenipekulia duka zima kama askari wa forodha. Nilimpa Feliksi shilingi mbili na senti hamsini. Rudisha hizo, mimi nibaki na hili kopo, tumemaliza."

Alikuwa na mbili. Akazifungua kwenye pindo, akaziweka mezani, akainamisha kichwa. Mzee Zefania akazitazama, akamtazama na yeye, viatu vyekundu kwa vumbi la njia ya Ujiji, akasema senti hamsini ni ya ufundi wa kopo. Akausukuma mrashi kwake, maji yangali ndani.

Mwamvua aliushika kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukumbuka. Alishafika mlangoni alipoona hawezi kuondoka vile. Mzee yule amemtendea wema, na rafu yake imejaa.

"Baba," akasema, "zile uma na lile sinia, usiziuze kwanza. Zisugue kwa majivu. Si bati."

"Ni nini?"

"Ni za fedha."

"Kila kitu humu ni cha fedha, binti, ndiyo maana ni duka."

"La, baba. Fedha ya pete."

Mzee Zefania akautazama mrashi mikononi mwa Mwamvua, akalitazama kopo la poda juu ya meza yake. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisichokuwa na kinyongo, akimpungia mkono aondoke upesi kabla shetani hajamnong'oneza. Mwamvua akatoka anakimbia, na filimbi ya gari moshi ikalia wakati ule ule.

Stesheni ilikuwa imejaa. Wachukuzi wanagombea mizigo, kuku wanalia matengani, na Bi Sikudhani akashuka behewa la nyuma, mnene, mwenye furaha, anaamuru watu watatu kwa pamoja. Mwamvua hakuwa na mahali pa kuuficha mrashi. Alikuwa ameufunika kwa kanga tu, na shingo yake ndefu ilitokeza kama ya bata. Akajipenyeza, akapiga goti kidogo. Shikamoo, mama.

"Marahaba, mwa..." Bi Sikudhani akaishia hapo. Ameona. Akaishika ile kanga akaifunua. "Umekuja kunipokea na mrashi? Kutoka Ujiji mpaka stesheni? Wewe mtoto, hata hija sijakwenda bado."

Akawageukia wanawake aliosafiri nao, akawaambia kwa sauti waone, waone mkwe aliyepewa na Mungu, hao mabinti zake wa kuzaa hata kumletea mwavuli hawajui. Akakinga viganja viwili. Mwamvua hakujua afanye nini. Akautikisa. Matone yakaanguka kwenye viganja na kwenye uso wa mama mkwe wake, na Bi Sikudhani akajipaka, akanusa, akakunja pua.

"Marashi gani haya? Yananuka kisima."

"Ni maji, mama."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akashika bega la mchukuzi. Na Mwamvua, amesimama pale na mrashi kifuani, alihisi kitu kilichomkaza mbavuni tangu asubuhi kinaachia kidogo kidogo, kama kamba ya mzigo inapofunguliwa. Mrashi upo. Mama amecheka. Hakuna taa ya dagaa yoyote iliyotengenezwa kwa kitu chao. Angeweza kuyaacha hapo. Hakuna ambaye angeuliza.

Bi Sikudhani alishaanza mambo mengine. Alikuwa akionyesha mizigo kwa kidole huku akitembea. Kapu hili ni la wifi yako mkubwa, lile lililofungwa kwa ukindu usimpe mtu, lina asali ya deni, ila chupa ya juu ya kwetu, na lile gunia dogo mwachie mchukuzi wa Mwanga, si huyu, yule wa kwao, umwambie ni ya yule bwana wa siku ile, atajua. Yalipita mbio, yakakatwa na kicheko, yakamalizikia mbele ya watu wanaosukumana.

Mwamvua alifungua mdomo, na "Ndiyo, mama" ilikuwa tayari ulimini kama siku zote. Akaimeza. Akaharakisha hatua, akamshika mama mkwe wake mkono ili asimame.

"Mama," akasema, "sikuelewa. Unaposema mbio mimi huwa sielewi, nakuitikia tu. Na siku ile ya kuondoka kwako, ya mrashi, sikuelewa vile vile."